Said bin Sultan

Said bin Sultan Al Busaidi (Samail, Omani, 5 Juni 1791 – baharini karibu na Shelisheli, 19 Oktoba 1856) alikuwa mtawala wa Omani na Zanzibar kuanzia mwaka 1806 hadi kifo chake. Anajulikana zaidi kwa jina la Sayyid Said au Seyyid Said. Ndiye aliyehamishia makao ya utawala wake kutoka Maskati, mji mkuu wa Omani, hadi kisiwa cha Unguja, na ndiye aliyeeneza kilimo cha karafuu visiwani.

Kwa karibu miaka 30 Sayyid Said alitawala miji miwili iliyotenganishwa na Bahari ya Hindi. Hakuna mtawala wa ukoo wake aliyeivuka bahari hiyo mara nyingi kama yeye, na alifia njiani akiwa katika safari kati ya miji hiyo. Miaka mitano baada ya kifo chake dola yake iligawanywa rasmi kuwa nchi mbili.

Kuzaliwa na kushika madaraka

Said alizaliwa Samail, mji wa bara katika Omani, na baba yake alikuwa Sultan bin Ahmad, mtawala wa Maskati. Mwaka 1804 baba yake aliuawa katika mapigano baharini, ndani ya Ghuba ya Uajemi. Said na ndugu yake Salim walikuwa bado vijana wadogo, na madaraka yaliangukia mikononi mwa binamu yao, Badr bin Saif.

Badr alijiegemeza kwa Mawahabi wa Uarabuni, jambo lililowachukiza watu wengi wa ukoo wa Busaidi. Shangazi yake Said, Bibi Moza binti Ahmad, alikuwa mwanamke mwenye akili na ushawishi mkubwa, na alimtia moyo kijana huyo adai haki yake. Mwaka 1806 Said alimuua Badr katika ngome iliyo karibu na Barka, akawa mtawala akiwa na umri wa miaka 15 hivi.

Miaka ya kwanza ya utawala wake ilikuwa ya vita. Alipambana na Mawahabi kutoka bara na Waqasimi wa Ras al-Khaimah baharini. Katika mapambano hayo alitafuta msaada wa Waingereza waliotawala India, na urafiki huo ulidumu maisha yake yote, ingawa baadaye ulimgharimu.

Ingawa Wazungu wengi walimwita Imamu wa Maskati, hakuchaguliwa kuwa Imamu kwa taratibu za madhehebu ya Ibadhi. Cheo chake cha kawaida kilikuwa Sayyid, na watawala waliomfuata Zanzibar ndio waliozoeleka kuitwa Sultani.

Umbali kati ya Maskati na Unguja

Ili kuelewa maisha ya Sayyid Said ni lazima kwanza kuelewa umbali kati ya miji yake miwili. Kwa mstari mnyoofu, Maskati na mji wa Zanzibar zimetengana kwa takriban kilomita 3,900. Siku hizi ndege inayokwenda moja kwa moja huruka umbali huo kwa muda wa kati ya saa tano na saa sita. Saa za Maskati ziko mbele ya saa za Zanzibar kwa saa moja tu, kwa sababu safari hiyo inaelekea zaidi kaskazini kuliko mashariki.

Kwa chombo cha tanga njia ilikuwa ndefu zaidi. Jahazi lililotoka Maskati lilifuata pwani ya Uarabuni, likaizunguka Pembe ya Afrika, kisha likateremka mbele ya pwani ya Somalia na kupita Lamu na Mombasa kabla ya kufika Unguja. Safari ilichukua wiki kadhaa. Upepo ukiwa mzuri iliweza kumalizika chini ya mwezi mmoja, lakini upepo ukiwa mbaya haikujulikana ingekwisha lini.

Jambo kubwa zaidi kuliko kilomita lilikuwa majira. Upepo wa kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, husukuma vyombo kutoka Uarabuni kuja Afrika Mashariki. Upepo wa kusi, unaoanza Aprili na kuendelea hadi Septemba, huvirudisha vyombo kaskazini. Katikati ya kusi bahari huchafuka sana kiasi kwamba manahodha wengi hukaa bandarini. Kwa hiyo barua iliyoandikwa Unguja mwezi wa Juni ili kupelekwa Maskati iliweza kupata jibu lake baada ya kaskazi kuanza, yaani nusu mwaka baadaye au zaidi.

Pepo hizo pia zinaeleza kwa nini mji ulikua upande wa magharibi wa Unguja. Huko Shangani kuna maji yenye kina na visiwa vidogo vinavyokinga bandari. Pwani ya mashariki, kwenye vijiji kama Uroa, Chwaka na Bwejuu, inaelekea bahari kuu, na mwamba mrefu wa matumbawe huzuia merikebu kubwa kukaribia. Wavuvi wa vijiji hivyo walizijua kaskazi na kusi vizuri kama manahodha wa Maskati, lakini majahazi ya biashara yalitia nanga upande wa pili wa kisiwa.

Safari za kwanza Afrika Mashariki

Omani ilikuwa na madai juu ya pwani ya Afrika Mashariki tangu ilipowafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Hata hivyo miji mingi ilijitawala yenyewe. Mombasa ilikuwa chini ya ukoo wa Mazrui, ambao asili yao pia ni Omani lakini hawakutaka kuwatii Mabusaidi. Unguja ilikuwa na liwali aliyetumwa kutoka Maskati, huku Mwinyi Mkuu akiendelea kuwaongoza wenyeji wa kisiwa, hasa Wahadimu wa mashariki na kusini.

Katika miaka ya 1822 na 1823 majeshi yaliyomtii Sayyid Said yaliwaondoa Mazrui katika kisiwa cha Pemba. Mwaka 1824 Mazrui walijaribu kujikinga kwa kupandisha bendera ya Uingereza Mombasa kwa msaada wa nahodha William Owen, lakini serikali ya Uingereza haikuukubali mpango huo na ulifutwa mwaka 1826.

Sayyid Said alikuja mwenyewe kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa mwaka 1828, wakati wa kaskazi, akiwa na kundi la manowari. Alifika Mombasa, akafanya mapatano na Mazrui ambayo hayakudumu, kisha akaendelea hadi Unguja. Kisiwa kilimpendeza. Kilikuwa na maji matamu, udongo wenye rutuba upande wa magharibi, na bandari salama iliyo karibu na bara. Maskati, kwa upande wake, imezungukwa na majabali makavu na joto lake ni kali.

Mombasa ilimpinga kwa karibu miaka kumi mingine. Mwaka 1837 hatimaye aliiteka baada ya Mazrui kugawanyika wao kwa wao. Viongozi wao walikamatwa wakapelekwa kifungoni Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi, na hawakurudi.

Kuhamia Unguja

Vitabu vingi vya historia hutaja mwaka 1832 au mwaka 1840 kuwa mwaka wa kuhamisha mji mkuu. Tofauti hiyo inatokana na ukweli kwamba hapakuwa na siku moja ya kuhama. Sayyid Said alikuwa akienda na kurudi. Alijenga jumba la Mtoni, kaskazini ya mji, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1820, na kila alipokuja alikaa muda mrefu zaidi. Kufikia mwaka 1840 Unguja ilikuwa makao yake ya kudumu, na Maskati ilibaki chini ya mwanawe Thuwaini kama mwakilishi wake.

Mtoni iliishi familia kubwa. Mke wake mkuu alikuwa Bibi Azza binti Seif wa ukoo wa kifalme, na watoto wake wengi walizaliwa na masuria wenye asili ya Uhabeshi, Cherkesi na kwingineko. Alipofariki aliacha watoto 36. Mmoja wao, Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, baadaye aliolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake zinazoeleza maisha ya jumba hilo.

Karafuu, biashara na utumwa

Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vilivyotawaliwa na Wafaransa katika Bahari ya Hindi, kabla Sayyid Said hajafika. Yeye aliigeuza kuwa zao kuu. Aliwaamuru wenye mashamba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na yeye mwenyewe alimiliki mashamba mengi. Baada ya miaka michache Unguja na Pemba zikawa wazalishaji wakubwa wa karafuu duniani.

Mashamba hayo yalilimwa na watumwa waliotolewa bara, wengi wao kutoka maeneo ya Ziwa Nyasa na kusini mwa Tanganyika ya leo. Maelfu ya watu waliletwa kila mwaka katika soko la Zanzibar. Wengine walibaki visiwani kupanda na kuchuma karafuu, na wengine walipelekwa Uarabuni na Ghuba kwa majahazi yaliyorudi na kusi. Upepo uleule uliompeleka mtawala Maskati uliwabeba pia watu waliokamatwa kwa nguvu ambao hawakurudi kwao tena.

Wenyeji nao walibanwa. Ardhi yenye rutuba ya magharibi na katikati iligeuzwa mashamba ya Waarabu, na Wahadimu wakabaki zaidi katika ardhi ya mawe ya mashariki, ambako mkarafuu hauoti. Mwinyi Mkuu aliendelea kukusanya kodi ya watu wake, lakini sehemu kubwa ilikwenda kwa Sayyid Said.

Ushuru wa forodha ulikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi kutoka Kachchh, na maarufu zaidi kati yao alikuwa Jairam Shivji. Walimlipa mtawala kiasi maalumu cha fedha kila mwaka, nao wakakusanya ushuru bandarini. Kwa njia hiyo Sayyid Said alipata mapato ya uhakika hata alipokuwa mbali na Unguja. Misafara ya pembe za ndovu ilipenya bara hadi Unyamwezi na Ujiji, ikienda chini ya bendera yake nyekundu.

Mahusiano na nchi za mbali

Sayyid Said alitambua mapema thamani ya kufanya biashara moja kwa moja na mataifa ya mbali. Mwaka 1833 alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, uliofuatwa na mkataba na Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837, na wa Uingereza, Atkins Hamerton, mwaka 1841. Kitambaa cha pamba kutoka Marekani kikaitwa merikani na kuenea hadi ndani ya bara.

Mwaka 1840 alituma merikebu yake, Sultana, hadi New York chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Merikebu hiyo iliondoka Unguja mwezi wa Februari na kufika mwishoni mwa Aprili, baada ya karibu miezi mitatu baharini. Ilibeba tende, kahawa, pembe za ndovu na karafuu, pamoja na zawadi kwa Rais Martin Van Buren, wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu. Ilirejea Unguja kabla ya mwaka kwisha. Ahmad bin Naaman alikuwa miongoni mwa wajumbe wa kwanza wa nchi za Kiarabu kufika Marekani.

Urafiki na Uingereza ulikuwa na masharti. Mkataba wa mwaka 1822 ulikataza kuuza watumwa kwa mataifa ya Kikristo. Mkataba wa mwaka 1845, ulioanza kutumika mwaka 1847, ulikataza kuwasafirisha kutoka Afrika kwenda Uarabuni. Sayyid Said alikubali kwa shingo upande kwa sababu alihitaji ulinzi wa Waingereza, lakini biashara hiyo iliendelea kwa siri, na ndani ya milki yake ya Afrika ilibaki halali.

Kutawala kwa mbali

Tatizo kubwa la Sayyid Said lilikuwa kwamba hakuweza kuwa mahali pawili. Alipokuwa Afrika, wapinzani wake Omani walipata nafasi. Karibu na mwaka 1830, akiwa Unguja, ndugu yake wa ukoo Hamud bin Azzan aliuteka mji wa Sohar, na ikambidi mtawala arudi haraka. Alipokuwa Omani, mambo ya Afrika yalisimama. Jeshi lake lilishindwa vibaya huko Siyu, karibu na Lamu, katika miaka ya 1840.

Aliwategemea wanawe. Thuwaini alishika Maskati, na Khalid alishika Unguja kila baba yake aliposafiri. Mtoto mkubwa, Hilal, alikosana na baba yake, akaenda London kutafuta msaada wa Waingereza bila kufanikiwa, akafariki Aden mwaka 1851.

Mwaka 1854 Sayyid Said aliondoka Unguja kwa mara nyingine kwenda Omani. Waajemi walikuwa wamewafukuza watu wake kutoka Bandar Abbas, mji aliokuwa ameukodi kutoka kwao. Alikaa huko zaidi ya miaka miwili. Mwaka huohuo wa 1854 Khalid alifariki Unguja, na baba yake hakuweza hata kuhudhuria mazishi. Kutoka Omani alimteua mwanawe mwingine, Majid, kushika nafasi ya marehemu.

Safari ya mwisho

Baada ya kukubali masharti magumu ya Waajemi kuhusu Bandar Abbas mwaka 1856, Sayyid Said alianza safari ya kurudi Unguja mwezi wa Septemba. Alipanda manowari yake Victoria, pamoja na mwanawe Barghash. Hayakuwa majira ya kawaida ya kuteremka kusini, kwani kaskazi ilikuwa bado haijaanza, na wiki zilipita bila kufika.

Aliugua njiani. Tarehe 19 Oktoba 1856 alifariki ndani ya merikebu karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa na umri wa miaka 65. Kwa desturi, anayefia mbali baharini huzikwa baharini, lakini mwili wake ulihifadhiwa na kuletwa Unguja. Barghash aliushusha usiku na kuuzika katika makaburi ya Makusurani mjini Zanzibar, huku akijaribu kutwaa madaraka kabla habari hazijaenea. Jaribio hilo lilishindwa, na mwishoni mwa Oktoba Majid alitangazwa kuwa mtawala wa Zanzibar.

Kugawanyika kwa dola

Maskati ilipata habari za kifo hicho baadaye. Thuwaini, akiwa mkubwa kuliko Majid, alidai kwamba dola yote ni yake. Majid alidai kwamba Zanzibar ni nchi yake mwenyewe. Mwaka 1859 Thuwaini alituma vyombo vya vita kuelekea Unguja, lakini Waingereza walivizuia baharini. Mwaka huohuo Barghash aliasi dhidi ya Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay.

Kesi ya ndugu hao ilipelekwa kwa Lord Canning, mtawala wa Uingereza nchini India. Tarehe 2 Aprili 1861 aliamua kwamba Zanzibar na Omani ziwe nchi mbili tofauti. Kwa kuwa Zanzibar ilikuwa tajiri zaidi, Majid alitakiwa kumlipa Thuwaini dola 40,000 za Maria Theresa kila mwaka. Mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa zilitangaza kuheshimu uhuru wa nchi zote mbili. Tangu hapo hazikuunganishwa tena.

Mabadiliko ya usafiri yalikuja muda mfupi baadaye. Mwaka 1872 meli za moshi zilianza kuleta barua Zanzibar kila mwezi kupitia Aden bila kusubiri majira, na mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ulifika kisiwani. Habari ambazo zamani zilingoja kaskazi sasa zilifika kwa siku moja. Wakati huo Barghash, aliyerudi kutoka uhamishoni, ndiye aliyekuwa Sultani, lakini hapakuwa tena na dola moja ya kutawaliwa kwa waya huo.

Urithi

Sayyid Said anakumbukwa kwa namna tofauti. Kwa wengine ni mwanzilishi wa Zanzibar ya karafuu, aliyeifanya Unguja kuwa soko kuu la Afrika Mashariki na kusaidia Kiswahili kusafiri na misafara hadi Kongo. Kwa wengine ni mtawala aliyejenga utajiri wake juu ya kazi ya watumwa na ardhi ya wenyeji. Ukoo wake ulitawala Zanzibar hadi Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na tawi lake la Omani linatawala hadi leo.

Magofu ya jumba la Mtoni yangalipo kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Zanzibar. Familia nyingi za Unguja na Pemba zina ndugu zao Maskati, na Kiswahili husikika katika mitaa ya mji huo. Wanaotembeleana hupanda ndege asubuhi wakafika mchana, bila kuuliza upepo unavuma kutoka wapi.